Mke wa Mwandishi: Nani Ataigiza Nafasi ya Anna?

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa Rubya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Nilimaliza kidato cha nne miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo ninaandika riwaya ambayo haitaki kwisha. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani unasoma maneno ya mtaalamu. Nilichonacho ni swali, na swali lenyewe lilinijia kwa njia ya filamu.

Jioni moja mvua ilinikamata nikiwa kwa rafiki yangu mwenye kompyuta. Umeme siku hiyo ulikuwepo, jambo la kushukuru. Akachomeka flashi, akaniambia, "Wewe si unajifanya mwandishi? Basi tazama mwandishi mwenzio alivyokufa." Filamu yenyewe inaitwa The Last Station, ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Michael Hoffman kutokana na riwaya ya Jay Parini. Inahusu siku za mwisho za Leo Tolstoy, yule Mrusi aliyeandika Vita na Amani, na hasa inahusu ndoa yake.

Nilidhani nitamtazama mzee Tolstoy, aliyeigizwa na Christopher Plummer. Kumbe macho yangu yote yakaenda kwa mkewe, Sofia, aliyeigizwa na Helen Mirren. Mama huyu ni Mwingereza, lakini baba yake alizaliwa Urusi, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Ilyena Mironoff. Pengine ndiyo sababu alimshika Sofia kama mtu anayemshika bibi yake mwenyewe. Kwa nafasi ile alipendekezwa kugombea tuzo ya Oscar, ingawa hakuipata.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Mirren hakukubali kumfanya Sofia mtu wa aina moja. Dakika hii anamchekesha mumewe kitandani mpaka mzee mwenye ndevu za nabii anawika kama jogoo. Dakika ile ananyata nje ya dirisha ili asikie wanaume wanapanga nini juu ya wosia. Unamcheka, unamchukia, halafu unamwonea huruma, yote kwa jioni moja. Nikajiambia, basi hivi ndivyo mke wa mwandishi anavyopaswa kuonekana: mtu mzima mwenye hasira zake, hila zake na haki zake.

Historia inampa Mirren mahali pa kusimama. Sofia alizaliwa mwaka 1844, akaolewa mwaka 1862 akiwa na miaka 18, mume ana miaka 34. Kabla ya harusi bwana alimpa binti wa watu shajara zake azisome, zenye habari za wanawake wake wote wa nyuma. Alizaa watoto 13, na watano wakafa wadogo. Yeye ndiye aliyenakili kwa mkono miswada ya Vita na Amani, usiku, watoto wakishalala, tena na tena kila bwana alipobadili mawazo. Uzeeni Tolstoy akaamua kwamba kazi zake ziwe mali ya watu wote. Mwaka 1910 akatia sahihi wosia kwa siri, msituni, mbali na macho ya mkewe. Mwaka huo huo, usiku wa vuli, akatoroka nyumbani, akaugua njiani, akafia katika nyumba ya msimamizi wa kituo cha reli cha Astapovo, akiwa na miaka 82. Sofia alizuiwa kuingia chumbani mpaka mume alipokuwa hajitambui tena. Yeye alifariki mwaka 1919.

Ukumbuke mwaka huo, ndugu msomaji. Tutaurudia.

Mvua ilipokatika nikaondoka kurudi nyumbani. Njia ikanipitisha karibu na seminari. Mtu aliyezaliwa Rubya haitazami seminari, kama vile mtu wa kando ya ziwa asivyotazama maji. Ipo tu, na kengele yake ipo. Tunajua kwamba Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvaa kofia nyekundu, mwaka 1960, alisoma hapo. Hilo hata mtoto wa darasa la pili atakueleza. Lakini jioni ile nilikuwa nakumbuka mwanafunzi mwingine, ambaye huku kwetu hatajwi sana. Alikuja hapa mwaka 1909 akiwa kijana wa miaka 13, akakaa miaka kumi, akaondoka bila kuwa padri. Jina lake Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mwana wa Ukerewe, wa ukoo wa watawala, Abasilanga. Na hapa sisi watu wa Muleba tunapaswa kusimama kidogo. Masimulizi ya Wakerewe wenyewe yanasema kwamba mkuu wa ukoo huo, Katobaha, alitoka Ihangiro, akavuka ziwa na watu wake. Ihangiro ndiyo hii tunayolimia migomba! Lugha nazo zinashuhudia, kwa maana Kikerewe na Kihaya ni ndugu. Kwa hiyo kijana Kitereza alipoletwa Rubya na Mapadri Weupe hakuja ugenini sana. Kwa namna fulani alirudi kwa babu zake.

Alikuwa amekwisha kufiwa na baba akiwa mtoto mdogo, akasomea misheni ya Kagunguli huko kisiwani, akabatizwa. Hapa Rubya akajifunza Kilatini, Kijerumani na Kiswahili pamoja na elimu ya dini. Vita Kuu ya Kwanza ilimpita akiwa hapa hapa, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia. Kisha mwaka 1919 akaacha seminari, na mwaka huo huo akaoa. Mwaka ambao Sofia Tolstoy alizikwa Urusi, ndio mwaka ambao Anna Katura aliolewa Ukerewe. Sisemi kwamba kuna uhusiano. Nasema tu kwamba mke mmoja wa mwandishi alitoka jukwaani, mwingine akaingia, na huyu wa pili hakuna aliyemtazama.

Baada ya ndoa Kitereza alifanya kazi kwa mfanyabiashara Mwitaliano huko Mwanza, na baadaye akarudi Kagunguli kuitumikia misheni. Huko ndiko alikoandika, kwa Kikerewe, riwaya kubwa aliyoimaliza mwaka 1945. Ni habari za mume na mke wa zamani, kabla wageni hawajaja, wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke. Wazazi wa mke wanakasirika, wanamrudisha binti yao nyumbani. Mume, Bwana Myombekere, badala ya kutafuta mke mwingine kama alivyoshauriwa, anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, Bibi Bugonoka. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaitengeneza, anaipeleka, anarudi na mke. Baadaye wanapata mganga, na baada ya dawa na subira wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali.

Sasa tazama nyumba ya aliyeandika. Aniceti na Anna walijaliwa watoto wanne. Wote wanne walikufa. Katika jamii ambayo mume asiye na mtoto huambiwa na kila mzee, "Oa mwingine, unangoja nini?", Kitereza alibaki na Anna. Na mtu huyo ndiye aliyekaa chini akaandika kitabu cha mamia ya kurasa kuhusu bwana asiyekubali kumwacha mke kwa sababu ya kukosa mtoto.

Kitabu chenyewe nacho kilipata shida ya kuzaliwa. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo mwandishi na kujitahidi kitabu kipate kutoka, lakini akafariki kabla ya hapo. Lugha yenyewe ilikuwa ya watu wachache, na hakuna mchapishaji aliyeona soko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja Ukerewe mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte. Wakamshauri mzee akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mzee, ambaye sasa alikuwa amepita miaka 70, akaifanya kazi hiyo. Tanzania Publishing House wakakichapa kwa mwaka 1980, lakini nakala zilipofika nchini mwandishi hakuwepo. Alikuwa amefariki mwezi wa Aprili 1981, hajakishika kitabu chake mkononi. Baadaye kilitoka kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mwana wa Ukerewe.

Nilipokwisha kujua hayo yote, nikajiona nimepata mchezo wa kuigiza tayari. Kijijini tuna kikundi chetu kidogo. Hatuna ukumbi, tuna mwembe. Nikaandika mchezo wa saa nzima kuhusu ndoa ya Kitereza, nikaugawa. Mzee Kitereza akapewa jamaa mwenye sauti nzito. Nafasi ya Anna akapewa dada mmoja anayejifunza ushonaji, mtu wa maneno machache.

Siku ya tatu ya mazoezi dada yule akafunga daftari, akaniuliza mbele ya wenzetu:

"Kaka, mbona mimi nalia tu?"

"Unalia kwa sababu umefiwa," nikamjibu.

"Nimehesabu. Bwana ana kurasa tisa za kusema. Anasema juu ya lugha, juu ya mila, juu ya wazungu. Mimi nimeandikiwa 'Anna analia' mara nne. Kila mtoto, kulia kumoja. Hata yule wa pili na yule wa tatu nalia sawasawa?"

Wenzetu wakacheka. Mimi nilitabasamu, lakini moyoni niliona aibu, maana alikuwa amesema kweli. Nimekaa nikimsifu Helen Mirren kwa sababu alikataa kumfanya Sofia kuwa mwanamke wa machozi, halafu kalamu iliponifikia mimi, nikamwandikia Anna machozi peke yake.

Nikajitetea kwamba kosa si langu. Sofia aliandika shajara miaka mingi, barua zipo, picha zipo. Mirren alikuwa na rundo la kusoma kabla hajavaa gauni. Anna Katura ametengewa na vitabu karibu mstari mmoja: jina, mwaka wa ndoa, watoto wanne, vifo vinne. Mwigizaji atasimama juu ya nini? Dada yule akaniambia, "Basi nenda kawaulize wanaojua." Akachukua mfuko wake wa nyuzi, akaenda zake.

Ni nani anayejua? Ndugu msomaji, ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba ninamjua mtu huyo tangu nizaliwe. Ni shangazi yangu, dada wa baba, anayeishi pembeni ya kibanja chetu katika nyumba ya vyumba viwili. Aliolewa akiwa msichana, akakaa kwa mume miaka minane bila mtoto, akarudishwa. Jambo hilo nyumbani kwetu halizungumzwi. Sisi watoto tulikua tukijua tu kwamba shangazi yupo, kama seminari ilivyopo.

Nilimkuta anaanika kahawa ya maganda juu ya jamvi. Nikaanza kumsaidia kuitandaza, kwa kuwa huwezi kumwuliza mtu mzima swali kama lile mikono yako ikiwa mitupu. Nikamsimulia Myombekere na Bugonoka kuanzia mwanzo. Alisikiliza kimya. Nilipofika pale mume anapochukua njia kwenda ukweni kumfuata mkewe, akaacha kutandaza.

"Alimfuata?" akauliza.

"Alimfuata, shangazi. Na pombe ya faini akapika."

Akakaa kidogo. "Wangu hakufuata," akasema. Akaendelea na kahawa.

Nikamwuliza, waitu shangazi, siku zile ulikuwa unalia sana? Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kama mvua ni maji. Akaniambia kwamba kulia ni kwa siku za msiba, na msiba una watu, watu wanakupikia, wanakushika. Kazi kubwa ni asubuhi ya siku ambayo hakuna aliyekufa. Unaamka, unakwenda kisimani, na mwanamke mwenzako anakuamkia na kuuliza habari za nyumbani, halafu anajikatiza, kwa sababu salamu yenyewe inauliza watoto. "Hapo ndipo unapopata taabu," akasema. "Pale mtu anapojikatiza."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Na huyo mwandishi wako. Mkewe alisomewa hicho kitabu?"

Sikuwa na jibu, na sikulitunga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri sana jambo hili la historia na jukwaa, na napenda niseme ninachoamini, wenzangu mnisahihishe. Naona kwamba fasihi yetu ya Kiswahili haikosi wanawake. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, naye alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na leo mke ndiye anayejulikana zaidi. Shaaban Robert alimwomboleza mkewe Amina kwa shairi, na tunalisoma shuleni. Mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na Amil Shivji, na Ikhlas Gafur Vora akaigiza Yasmin mpaka filamu ikaonyeshwa Toronto. Hayo ni ya kujivunia. Lakini Yasmin ni mtu wa kubuni, na Amina tunamjua kwa machozi ya mumewe. Mwanamke aliyekaa ndani ya nyumba ambamo kitabu kiliandikwa, aliyepika, aliyezika, aliyengoja pamoja na mwandishi miaka thelathini na zaidi kitabu kisitoke, huyo bado hatujamwita jukwaani.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya nyumbani, historia ni ya watu waliotenda. Nawajibu kwa mfano wa hapa hapa Kagera. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya, Bi. Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, na ndugu wa ukoo akadai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inabagua, na ubaguzi huo hauendani na Katiba. Leo kesi hiyo inasomwa na wanasheria wa nchi nyingi. Ilianza kama jambo la nyumbani, la shangazi na mpwa wake. Nalitaja pia kwa sababu shangazi yangu anaishi pembeni ya kibanja, na kila mtu nyumbani anajua kwa nini ni pembeni.

Basi mchezo nimeuandika upya. Hotuba za mzee nimezipunguza kutoka kurasa tisa hadi tatu, na jamaa wa sauti nzito amenuna. "Anna analia" nimeifuta mara zote nne. Badala yake Anna anakwenda kisimani mara nne, na kila mara mwanamke mwingine anamwamkia, na kila mara mwanamke huyo anajikatiza mahali tofauti. Anna hana maneno mengi, kwa sababu sitaki kumwekea mdomoni maneno makubwa ambayo hakuyasema. Lakini sasa ana kitu cha kufanya, na dada wa cherehani ameniambia kwamba kwa mara ya kwanza anajua asimame wapi.

Mwisho wa mchezo ni wa kwangu, si wa historia, na kabla ya kuanza tutawatangazia watazamaji hivyo. Mzee Kitereza ameketi na karatasi zake mwaka 1945. Anamsomea mkewe sehemu ile Bugonoka anapopata mtoto. Anna amekaa chini anachambua maharage. Mume anasoma, anafika kwenye kilio cha mtoto mchanga, anajikatiza.

Hapo nilimwacha mwigizaji mwenyewe achague. Anaweza kusimama akatoka. Anaweza kuendelea na maharage. Kwenye mazoezi ya juzi dada yule aliendelea na maharage kwa muda mrefu mno, mpaka wengine tukadhani amesahau. Halafu akasema, bila kumtazama mumewe, "Endelea kusoma."

Maneno hayo mawili sikuyaandika mimi. Nimeyaacha.

Shangazi nimemwalika. Ameniambia atakuja kama kahawa itakuwa imekauka.